Mwanangu amepona Burkitt, sasa nifuatilie nini?

Swali: Daktari, salaam. Mwanangu Abdu alitibiwa Burkitt ya taya akiwa na miaka 8. Alipewa kemo mara 6 pamoja na sindano za mgongoni, na alimaliza miaka mitatu na nusu iliyopita. Sasa ana miaka 12, yuko P4 (darasa la nne la msingi) na wenzake wako P6. Anajikwaa sana, viatu vyake vinalika mbele tu. Mwalimu anasema anaelewa lakini ni mzito kuandika. Shule ya bweni tuliyotaka kumpeleka inasitasita kwa sababu wazazi wengine wanadai kansa itawapata watoto wao. Akipata homa mimi nakesha. Mama mkwe anasema mtoto huyu hatazaa. Karatasi zake za hospitali zililowa paa lilipovuja, sikubakiwa na kitu. Je, amepona kweli? Nimpime nini, wapi, na mpaka lini? Mama Abdu, Arua.

Jibu: Mama Abdu, salaam, na pole kwa yote mliyopitia.

Nianze na lile linalokukesha. Ndiyo, amepona. Burkitt ni saratani yenye mbio kuliko karibu zote tunazoziona kwa watoto. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana taya lililokuwa na uvimbe mdogo wiki hii, wiki ijayo limebadili sura ya mtoto. Lakini mbio hizo hizo zina heri yake: ugonjwa wa namna hii haujui kujificha. Kama dawa zimeacha mabaki, mara nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto akivuka miaka miwili bila uvimbe kurudi, kurudi kwake huwa nadra sana. Abdu ana mitatu na nusu. Nyumbani, shuleni na msikitini, neno lenu liwe "amepona".

Kinachohitaji kufuatiliwa sasa ni dawa zenyewe. Kemo huua chembe za saratani, lakini njiani hugusa mishipa ya fahamu, meno yanayokua, kibofu, mbegu za uzazi, na kwa dawa nyingine moyo. Alama inayobaki hutegemea mambo mawili: alipewa dawa gani, na jumla ya kiasi chake ilikuwa ngapi. Kwa hiyo jibu la "nimpime nini" limo ndani ya karatasi zilizolowa, na kazi yako ya kwanza, kabla ya kipimo chochote, ni kuzipata upya.

Faili la hospitali halikulowa, Mama Abdu. Hukutaja alitibiwa wapi, lakini iwe ni Taasisi ya Saratani pale Mulago, Lacor kule Gulu au Mbarara, utaratibu haupishani sana. Nenda siku ya kliniki ya watoto, ufike asubuhi, ukiwa na jina lake, tarehe ya kuzaliwa, mwezi na mwaka alioanza dawa, na jina la wodi. Tafuta pia kwenye picha za zamani za simu zenu, maana wazazi wengi walipiga picha kitandani na namba ya faili inaonekana kwenye karatasi iliyoning'inia. Jambo linalokwamisha watu mara nyingi ni tahajia: mtoto aliandikwa Abdul au Abdallah, au jina la baba likatangulia, basi karani akitafuta Abdu haoni kitu. Mwombe atafute kwa kila namna. Usiombe nakala ya faili zima, hutaipata upesi na ukiipata hakuna atakayeisoma. Omba muhtasari wa matibabu, ukurasa mmoja, wenye sahihi na muhuri.

Ukurasa huo uwe na jina la ugonjwa na mahali ulipokuwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kila dawa na jumla ya kiasi chake, sindano za mgongoni zilikuwa ngapi na za dawa gani, kama alipigwa mionzi au hakupigwa (hata kama hakupigwa, iandikwe hivyo), damu aliyoongezewa, na kama alichomwa gentamisini au amikasini alipopata homa kali wakati wa kemo. Hizi mbili za mwisho ni za kuua bakteria, lakini huweza kudhuru masikio, na ni rahisi kusahauliwa kwa sababu si dawa za saratani.

Kiasi cha dawa ndipo penye mtego. Kemo hupimwa kwa ukubwa wa ngozi ya mwili, yaani miligramu kwa kila mita mraba. Mtoto wa miaka 8 mwenye kilo 25 ana karibu mita mraba 0.9. Chukua mfano wa siklofosfamidi, dawa kuu ya Burkitt: mtoto huyo akipewa miligramu 900 kila mara, kwa mara 6 amepata miligramu 5,400. Ukigawa kwa 0.9 unapata 6,000 kwa mita mraba. Namba inayotumika kuamua vipimo ni hiyo 6,000. Karatasi ikiandika 5,400 bila kusema ni ya mwili mzima, daktari wa miaka kumi ijayo atakosea hesabu. Mwombe daktari aandike zote mbili, pamoja na uzito na urefu wa Abdu wa siku zile.

Ukishaupata, upige picha papo hapo na uwatumie ndugu wawili wanaoaminika. Toa nakala tatu: moja yako ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) nzito iliyofungwa, moja kwa mjomba au shangazi anayekaa nyumba nyingine, moja kwenye faili la kituo cha afya kilicho karibu nanyi.

Sasa miguu. Katika dawa ambazo karibu kila mtoto wa Burkitt hupewa kuna vinkristini, na hiyo hudhuru mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu zaidi, yaani inayofika kwenye nyayo na vidole. Viatu kulika mbele ni dalili uliyoiona vizuri sana. Maana yake ni kwamba ncha ya mguu hainyanyuki vya kutosha anapopiga hatua, basi inaburuta chini. Mpime hivi: avue viatu, asimame kwenye sakafu ya saruji, atembee kwa visigino hatua kumi huku vidole vya miguu vimenyanyuka. Mtoto mzima wa miaka 12 hufanya bila shida. Ukiona vidole vinashuka baada ya hatua mbili tatu, au ukisikia nyayo zikipiga sakafu "pa, pa", ni udhaifu wa kunyanyua mguu. Kisha akae chini miguu imenyooka, usukume unyayo wake taratibu kumwelekea yeye. Ukigoma kabla ya kusimama wima, mshipa wa nyuma ya kisigino umekaza, na huo ukikaza hata mishipa ya fahamu ikipona mguu hauwezi kunyanyuka.

Sehemu kubwa ya madhara ya vinkristini hupungua yenyewe katika miezi ya kwanza baada ya dawa kwisha. Yanayobaki baada ya miaka mitatu hayataondoka kwa kungoja, lakini mazoezi huyapunguza. Asubuhi na jioni, akae sakafuni goti limenyooka, apitishe leso au taulo kwenye nyayo karibu na vidole, avute kumwelekea mpaka ahisi shavu la mguu linavutika, ashikilie sekunde 30. Afanye mara 4 kila mguu, bila kurukaruka na bila kuvuta mpaka maumivu. Baadaye akae kwenye kiti visigino vikiwa chini, anyanyue nyayo mara 15, apumzike, arudie mara 3. Halafu asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta sekunde 20, abadilishe. Ni dakika kumi tu kwa siku, lakini ziwe za kila siku. Mabadiliko hayaonekani kabla ya wiki sita hadi nane, na hapo ndipo wengi huacha. Wakati huo mpeleke idara ya mazoezi ya viungo ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Arua. Wakiona mguu bado unashuka, wanaweza kupendekeza kifaa cha kuushikilia ndani ya kiatu. Kiatu chenyewe kiwe cha kamba, kigumu nyuma ya kisigino. Ndara zimwangushe nani kama si yeye.

Onyo moja hapa. Udhaifu wa vinkristini ni wa tangu zamani na haubadiliki ghafla. Miguu ikianza upya kulegea, ikawa inazidi siku hadi siku, pamoja na maumivu ya mgongo au kushindwa kuzuia mkojo, hiyo si ya kufanyia mazoezi. Ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vinkristini hiyo hiyo hugusa na vidole vya mikono, na hapa ndipo suala la mwalimu linapoingia. "Anaelewa lakini ni mzito kuandika" inaweza kuwa na maana tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Chukua maswali kumi ya darasa lake. Matano ajibu kwa mdomo, matano kwa maandishi. Akijibu kwa mdomo upesi lakini kalamu inasota, tatizo liko mkononi: mwangalie akifunga vifungo vya shati na akiokota sarafu mezani, kisha umpe kalamu nene na mpira wa kukanda. Akichelewa kote kuwili lakini mwishowe anatoa jibu sahihi, tunafikiria methotreksati ya mgongoni. Sindano zile huwekwa ili saratani isijifiche kwenye ubongo, nazo zinaweza kupunguza kasi ya kufikiri na umakini. Kwa mtoto ambaye hakupigwa mionzi ya kichwa, athari hiyo huwa ndogo mara nyingi. Akili iko pale pale, inahitaji muda tu. La tatu ni la kawaida kuliko yote mawili na husahaulika: alikosa masomo. Mtoto aliyekosa mihula ya P2 hana msingi wa kujumlisha kwa kubeba wala jedwali la kuzidisha, na huwezi kudai hesabu za P4 zimkae. Nusu saa kila jioni ya kazi za P2 na P3, kwa mfululizo, humfaa kuliko kochingi ya Jumamosi nzima ya kazi za P4.

Kabla ya yote hayo, mpime masikio na macho. Simama nyuma yake kwa umbali wa mkono, azibe sikio moja, umnong'oneze namba na herufi kama "tano, K, mbili", ayarudie. Akikosa zaidi ya nusu, mpeleke kwenye kipimo kamili cha masikio. Watoto wengi walioitwa wazito darasani walikuwa hawamsikii mwalimu.

Kwa mwalimu omba mambo manne, uyaombe kwa adabu na kwa maandishi: akae benchi la mbele, asinakili ubao mzima bali apewe kazi iliyokwisha andikwa au anakili nusu, aongezewe muda kwenye mitihani, na asiadhibiwe kwa kuchelewa kumaliza. Atakapofika P7, shule iitaarifu UNEB, baraza la mitihani la taifa, mapema, wakati wa kusajili watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwamba anahitaji muda wa ziada, na iambatanishe barua ya daktari. Wazazi wengi hukumbuka mitihani ikiwa imebaki wiki moja, na hapo mlango umeshafungwa. Kuhusu umri, usiumie. Katika shule zetu mtoto wa miaka 12 kukaa P4 si kioja, na kumrusha darasa ili awafikie wenzake kutamvunja moyo zaidi.

Suala la bweni lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya kuambukiza, nayo ina jibu safi. Saratani haitoki kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kwa chakula, kitanda, choo, mate wala damu ya jeraha. Huenda mzazi mwenye kusoma akasema, "Lakini Burkitt ina kirusi." Ni kweli: kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa mwaka 1964 mjini London, kwenye chembe za uvimbe uliotoka kwa mgonjwa wa hapa Uganda, miaka michache baada ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, kuueleza ugonjwa huu mwaka 1958. Ila kirusi hicho karibu kila mtoto wa Uganda hukipata akiwa mdogo sana na hakimfanyi kitu. Karibu watoto wote wa bweni hilo tayari wanacho. Kinachosaidia kirusi kuzaa saratani kwa wachache ni malaria inayorudi rudi, kwa hiyo anayetaka kweli kuwalinda wanafunzi wake na Burkitt atundike vyandarua.

Mwombe daktari wa hospitali akuandikie barua fupi, maana ndefu humfanya mwalimu mkuu aogope. Inatosha kusema: "Mwanafunzi huyu alitibiwa saratani, akamaliza matibabu mwezi na mwaka fulani, na amepona. Ugonjwa wake hauambukizi. Anaruhusiwa kusoma, kucheza, kufanya kazi za shule na kulala bweni kama wengine. Ana udhaifu wa miguu, asilazimishwe mbio ndefu. Akipata homa apimwe malaria siku hiyo, na mzazi apigiwe simu." Iwe na muhuri. Mpelekee mwalimu mkuu ana kwa ana, mkifuatana na baba yake au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kama anaheshimika pale. Ukiona upinzani unatoka kwa wazazi, omba sista wa kituo cha afya aje azungumze kwenye kikao chao dakika kumi.

Sehemu ya pili ni maoni yangu, nawe utayapima. Ningemwacha shule ya kutwa muhula mmoja au miwili kwanza. Mazoezi ya asubuhi na jioni na ile nusu saa ya masomo ni vigumu kufanyika bwenini bila mtu wa kusimamia. Miguu ikitengemaa na jedwali la kuzidisha likikaa kichwani, mpeleke kwa amani.

Kuhusu homa, wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakati wa kemo ulifundishwa kwamba homa ni dharura, na ilikuwa kweli, kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka. Leo zimekwisha rudi. Homa ya Abdu sasa ni kama ya kaka zake: apimwe malaria siku hiyo hiyo, atibiwe kwa majibu ya kipimo, anywe dozi mpaka mwisho, alale ndani ya chandarua. Utakayoikimbilia kwa daktari wa saratani ni homa inayopita siku saba na vipimo havina jibu. Uvimbe wowote mpya wa taya, shingo, jicho au tumbo. Jino kulegea bila sababu. Kupauka pamoja na michubuko na fizi kutoka damu. Au kukonda bila maelezo. Zaidi ya hayo, lala.

Mama mkwe amwachie Mungu na hesabu. Kwa mvulana, siklofosfamidi chini ya miligramu 4,000 kwa mita mraba mara nyingi haiharibu uzazi. Juu ya hapo hatari hupanda kadiri jumla inavyopanda. Kwenye ule mfano wetu wa 6,000 yuko katikati: wapo wanaozaa bila shida, wapo wenye mbegu chache, na hakuna anayeweza kusema kwa kumtazama. Kipimo ni cha shahawa, nacho husubiri awe mtu mzima na akubali mwenyewe. Balehe kwa kawaida huja, kwa sababu sehemu ya korodani inayotengeneza homoni huvumilia dawa kuliko ile ya mbegu. Akifika miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, mpeleke akapimwe. (Kwa msichana tunaangalia miaka 13 bila matiti kuanza.) Na watoto atakaowapata hawatakuwa na saratani kwa sababu baba yao alipona Burkitt. Naomba maneno ya "hatazaa" yasisemwe tena mbele yake. Ana miaka 12, anasikia kila kitu.

Meno yasisahauliwe kwa kuwa uvimbe ulikuwa tayani. Kemo ikiingia wakati meno ya ukubwani yanajengeka, baadhi hutoka madogo, yenye mizizi mifupi au gamba laini linalooza upesi, na mengine hayatoki kabisa. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, aonwe na daktari wa meno kila miezi sita, na asing'olewe jino kabla daktari huyo hajaambiwa kwamba pale palikuwa na Burkitt.

Siku moja, kwenye safari hiyo hiyo, achukuliwe damu: picha kamili ya damu, figo, ini, hepataitisi B na C, na virusi vya UKIMWI. Damu ya kuongezewa hupimwa kabla ya kutolewa, lakini mtoto aliyeongezewa anastahili kupimwa mara moja baadaye, na kwetu Kaskazini na West Nile hepataitisi B iko juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Kama hana, achanjwe. Kemo pia hufuta sehemu ya kinga ya chanjo za utotoni, na kwa Abdu huenda hakuna aliyerudia, kama ilivyo kwa wengi. Baada ya miezi sita tangu kumaliza dawa mtoto anaweza kupewa tena, hata zile chanjo hai za surua na homa ya manjano kama damu yake imerudi sawa. Muulize daktari amwandikie dozi ya nyongeza ya surua na ya pepopunda. Kituo cha afya cha kwenu kinaweza kuzitoa. Mkojo upimwe kwa kijiti kila mwaka. Damu kwenye mkojo, hata miaka mingi baadaye, isiishie kwenye dawa ya kichocho tu: siklofosfamidi huweza kudhuru kibofu, na daktari aambiwe hivyo.

Wazazi wa watoto waliopona saratani nyingine watasoma hapa pia, kwa hiyo machache kwao. Kama mtoto alipewa doksorubisini (ile dawa nyekundu kama sharubati inayogeuza mkojo kuwa mwekundu), moyo upigwe picha ya ultrasaundi si zaidi ya miaka miwili baada ya kumaliza. Jumla ikiwa kati ya 100 na 250 kwa mita mraba, irudiwe kila miaka 5. Ikifika 250 au zaidi, kila miaka 2, maisha yote, na msichana wa kundi hilo awaambie wakunga mapema akishika mimba. Aliyeondolewa figo moja apimwe presha na mkojo kila mwaka, na asipewe diklofenaki au ibuprofeni ovyo ovyo dukani. Aliyepona saratani ya jicho, wadogo zake wachunguzwe macho tangu wanapozaliwa, na watoto wake baadaye vivyo hivyo, kwa sababu aina moja ya ugonjwa huo hurithiwa.

Chakula chake ni kile kile cha nyumbani: posho, maharage, mboga za majani, simsim, karanga, na mukene (dagaa) kwa ajili ya mifupa. Hakuna sababu ya kumnyima nyama wala sukari ya chai. Dawa za miti za "kusafisha kemo" ndizo ninazoziogopa, maana wapo watoto wanaodhurika ini na figo kwa kuzinywa. Mpime urefu kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi sita, uandike tarehe. Mtoto ambaye bado hajabalehe akiongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mwambie daktari.

Kama kliniki yenu iko Kampala, safari ni karibu kilomita 500, nauli na malazi si mchezo. Ipange mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, ufanye kliniki, damu, meno na masikio kwa mkupuo. Uzito, urefu, presha na mkojo vifanyike kituo cha afya cha kwenu na uvibebe vikiwa vimeandikwa. Ukikosa pa kulala, mwulize mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kusafiri; yapo mashirika kama Bless a Child Foundation yanayowapokea watoto wa saratani wanaotoka mbali. Kliniki ya kila mwaka haina mwisho, ila baada ya miaka mitano hivi daktari wa kawaida mwenye ule ukurasa mmoja mkononi anaweza kuifanya huko huko Arua.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Je, Abdu anajua aliugua nini? Watoto wengi wa kwetu huambiwa "ulikuwa na jino baya" na hukua hivyo. Kwa miaka 12 anaweza kubeba ukweli. Mwambie jioni moja mkiwa wawili, kwa maneno mafupi: ugonjwa uliitwa Burkitt, ni aina ya kansa, dawa ziliuondoa, miguu inajikwaa kwa sababu ya dawa, si kosa lako. Mwache aulize, na kama hataki kuuliza siku hiyo, mrudie wiki nyingine. Akiota ndoto mbaya za sindano au akikataa kabisa kwenda kliniki, idara ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa iwaone wote wawili, wewe ukiwemo, kwa sababu hofu unayokesha nayo anaisoma usoni mwako. Mnunulie daftari lenye jalada gumu, mbandike muhtasari wake ukurasa wa kwanza, na kuanzia kliniki ijayo aandike mwenyewe uzito wake, presha yake na aliyoambiwa na daktari, kwa mwandiko wake huo huo wa polepole.